Jerikeni ya Manjano na Mguu wa Kiden

Nyinyi mnaonitumia picha za buibui asubuhi hata salamu hamjatoa, leo nawajibu wote kwa pamoja. Mmelalamika kwamba sitoi jina haraka. Ni kweli. Kwanza nauliza kama kuna mtu ameumia, kisha nauliza ukubwa wa huyo buibui ni kama wa kitu gani, kisha mlimkuta wapi. Mmoja wenu aliniandikia, "Mama, mimi nataka jina tu, wewe unanihoji kama mtu wa forodha." Nilicheka peke yangu jikoni. Lakini swali la kwanza siliachi, hata mkinuna. Nililipata kwenye mguu wa msichana wa Koboko aitwaye Kiden. Alikuwa na miaka tisa, na mguu wake wa kushoto nusura ukatwe kwa sababu mimi, mtu mzima na sifa zangu zote, niliangalia picha nikaona buibui, nikamsahau mtoto.

Nitafika huko. Acheni kwanza niwaambie nilivyoingia katika mambo haya, maana hakuna aliyenituma.

Naitwa Letaru. Nimestaafu, naishi Oli na kuku wachache na simu isiyonyamaza. Kazi yangu haikuwa buibui. Nilikuwa msaidizi katika ofisi ya kupambana na mbung'o hapa Arua, West Nile ya Uganda, wale nzi wanaoleta malale. Tulitega mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi kando ya mito, kuanzia huku kwetu hadi Koboko. Mbung'o anapenda buluu. Msiniulize kwa nini, nimefanya kazi hiyo mpaka mvi zikatoka na bado sijapata jibu la kuniridhisha. Anakuja kwenye kitambaa, anapanda juu akifuata mwanga, anaingia kwenye chupa iliyofungwa kileleni, na hapo safari yake imekwisha. Siku ya pili sisi tunakuja kumhesabu.

Sasa, buibui naye si mjinga. Alijua mapema kuliko ofisi yetu kwamba pale kuna chakula cha bure. Tunafika, tunakuta chupani mna mbung'o wawili, na pembeni utando umejaa maganda. Mwaka wangu wa kwanza niliona jambo hilo nikakasirika kweli. Nikaokota kijiti, nikaanza kuuvuruga utando. Mtu akanishika mkono.

Alikuwa Mzee Rajab, dereva wetu, Mkakwa wa Koboko, mwanajeshi mstaafu na mtoto wa mwanajeshi. Ndiye aliyeshona mitego ikichanika, na ndiye aliyepaka grisi kwenye nguzo ili sisimizi wasipande. Kusoma alijua kidogo. Kuona alijua kutushinda sisi wote wenye vyeti.

"Hapana vunja," akaniambia. "Hii buibui iko karani. Imeandika yote. Wewe soma."

Akapiga goti, akaanza kuokota mabawa chini ya utando, moja moja, akiyapanga kiganjani. Buibui hufyonza mwili, mabawa hana haja nayo. Akanipa lenzi yake ndogo ya kukunja, akaniambia nitazame katikati ya bawa. Nikaona mishipa imezungushia kichumba kidogo, na kichumba kile kina umbo la shoka. Shoka kabisa, na mpini wake na ubapa wake. Mbung'o ndiye mwenye shoka hilo. Nzi wengine waliokuwamo mle hawakuwa nalo. Tukatenga mabawa yenye shoka na yasiyo na shoka, tukayahesabu, tukagawanya kwa mbili, tukajua wangapi wameliwa. Nilikuwa na cheti cha maabara na hakuna mwalimu aliyewahi kunionyesha kitu kama kile. Nilikaa kwenye majani yenye umande, sketi ikalowa, nikabaki natazama mashoka madogo ambayo yalikuwako siku zote na mimi nilikuwa nayamwaga pamoja na mbung'o wa chupani bila kuyaona.

Mzee Rajab alikuwa Mwislamu, na kwao buibui hauawi ovyo, kwa heshima ya yule aliyefuma utando mlangoni mwa pango Mtume alipojificha. Akikuta utando umekatiza njia, askari mzima yule alisimama, akainua mkono kutusimamisha, kisha akapita kwenye miiba. "Hii iko kizuizi ya wenyewe," alisema. "Sisi napita kando." Basi na sisi tulipita kando, mitego begani, tukichomwa miguu na kunung'unika. Hakuna siku aliyokubali tukate.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuanza na macho. "Mutu unajua kwa uso," alisema. "Mbona buibui unataka kujua kwa tumbo?" Na kweli, nyinyi wote mnanipigia picha ya tumbo kwa sababu lina rangi nzuri. Rangi inadanganya. Buibui mmoja na dada yake waliotoka mfuko mmoja wa mayai wanaweza kutofautiana rangi, lakini macho yamepangwa vilevile. Yule anayekimbia chini kwenye majani makavu, ambaye mama yake hubeba watoto wote mgongoni mpaka unadhani ana manyoya, ana macho manne madogo mstari wa chini, mawili makubwa juu yake, na mengine mawili nyuma. Yule anayeruka ukutani ana mawili makubwa mbele kabisa, yamekaa kama taa za lori.

Siku ya kwanza nilipomweka huyo mrukaji chini ya lenzi, aligeuka akanitazama. Nikaisogeza lenzi kushoto, akageuka nami. Nikaipeleka kulia, akageuka tena. Kiumbe mdogo kuliko punje ya mahindi alikuwa ananichunguza kwa makini kuliko nilivyomchunguza mimi. Niliona haya, nikatengeneza kitambaa changu cha kichwa. Mnaweza kucheka. Mpaka leo nikikutana na macho yale moyo unanipiga, na sitaki uache kunipiga.

Nilipostaafu nilidhani tumeagana. Kumbe watu walikuwa wameanza kununua simu zenye kamera. Aliyenifungulia mlango ni kijana mmoja wa Vurra, wakala anayeshughulikia karatasi za malori yanayokwenda Congo, aliyepewa namba yangu na dada yake. Alinitumia picha ya sisimizi mweusi juu ya turubai, na ujumbe wa sauti, nyuma yake honi zinapigwa.

"Mama, hii sisimizi iko nashuka na kamba kama mutu ya jeshi. Ni nini?"

Nikamwambia ahesabu miguu.

"Mimi nahesabu tairi ya lori, hapana miguu ya sisimizi."

Lakini alihesabu. Kisha ukaja ujumbe wa maneno mawili: "Iko nane." Kisha mwingine: "Mama, iko nane. Mbili nainua juu, nafanya pembe." Huyo ni buibui aliyeamua kuishi kama sisimizi. Umbo la sisimizi, mwendo wa sisimizi, na miguu ya mbele anaichezesha kichwani ili uione kuwa ni vile vipapasio. Nikamweleza hivyo. Akaniambia baadaye kwamba dereva mmoja alisimama dirishani na karatasi zake mkononi akingoja mhuri, na yeye akamwita aje atazame, wakasimama wote wawili wameinama juu ya turubai mpaka foleni ikaanza kuwatukana. Nilimpenda kijana yule tangu siku ile.

Baada ya hapo ikawa mvua. Oraba, Koboko, Arua mjini, wote picha. Na picha zenyewe, ndugu zangu, Mungu atusamehe. Mtu anampiga buibui kandambili kwanza, ndipo anapiga picha, halafu ananiuliza ni nani. Alikuwa nani, uliza hivyo. Mwingine anapuliza dawa ya kupe ya ng'ombe, buibui anajikunja miguu kama ngumi, hata mama yake asingemtambua. Mwingine anasimama mbali kwa woga, anakuza picha mpaka naona rangi tu. Na wapo wenye ile programu ya simu inayotaja majina. Siku moja ilimwambia mama mmoja wa sokoni Arua kwamba buibui wa kwenye ndizi zake anapatikana Australia tu. Akaja kwangu mbio kuniuliza ndege gani ilimleta.

Mimi nilicheka sana programu ile. Nilikuwa sijakosea bado kosa langu.

Hajat Sauda ni nyanya yake Kiden. Anauza simsim, yaani ufuta, huko Koboko, na nyumba yao iko juu kidogo ya kijito tulichokuwa tukitega mitego. Zamani zile watu walikuwa wanakata kitambaa chetu cha buluu wakawashonee watoto kaptula, na Hajat ndiye aliyetulindia mitego yetu kwa ukali wake. Alitupa maji ya kunywa, alituita watoto wake wa mbung'o. Kwa hiyo ujumbe wake ulipoingia saa mbili asubuhi, niliufungua kwa furaha.

"Salaam aleikum Mama Letaru. Hii buibui imeuma Kiden kwa mguu, alfajiri, iko bado nalala. Tumekuta yeye karibu ya mkeka. Iko na sumu?"

Na picha. Nasema kweli, nilifurahia kwanza uzuri wa picha. Hakumwua, kwa sababu ileile ya pango. Buibui alikuwa ametulia ubavuni mwa jerikeni ya manjano, miguu ameitandaza upande kama kaa, bapa kabisa. Na jerikeni ile nikaiona kama zawadi, maana tatizo kubwa la picha ni ukubwa: picha haina kipimo, buibui wa punje na buibui wa sahani wote wanajaa kioo cha simu. Hapa nimepewa jerikeni, kitu ambacho hakuna mtu wa West Nile asiyekijua. Nikapima miguu yake kwa macho nikilinganisha na mshikio. Upana wa kiganja. Basi ni yule mkubwa wa maghalani, anayekula mende. Akibanwa anauma, na kuuma kwake kunawasha kama nyuki, hakuna zaidi.

Nikaandika: "Si wa hatari. Osheni mguu kwa maji na sabuni, mpeni dawa ya maumivu. Itapoa kabla ya jioni." Nikaongeza kwamba ni dume, ili waone ninavyojua. Kisha nikaenda kupalilia karanga zangu.

Yaliyofuata nimeyajua kwa kuambiwa. Jirani wa Hajat alikuwa ameshawasha pikipiki ampeleke mtoto hospitali. Hajat akamwonyesha simu. "Zima," akamwambia. "Mama ya mbung'o amesema jioni napoa." Jirani akaizima. Kwa neno langu, pikipiki ilisimama uani kwa saa tatu ikiwa na mafuta tangini.

Saa tano Hajat akatuma picha ya pili. Safari hii ilikuwa ya mguu. Ulikuwa umevimba kutoka kisigino hadi karibu na goti, ngozi inang'aa, na juu ya unyayo kulikuwa na rangi ambayo sikuipenda. Katikati ya rangi hiyo kulikuwa na matundu mawili. Nyuma ya mguu, mkono wa Hajat ulikuwa umeshika jerikeni ileile ya manjano, anamwagia maji, anafanya kama nilivyomwelekeza. Vidole vyake viwili tu vilikuwa vimeingia kwenye mshikio, na mshikio umejaa.

Nyinyi mnazijua jerikeni zetu. Iko ya lita ishirini ya mama, na iko ya lita tatu ya mtoto anayejifunza kuchota maji. Rangi moja, umbo moja, mshikio uleule, mfuniko uleule. Zikipigwa picha mbalimbali, kila moja peke yake, huwezi kuzitofautisha. Ile ilikuwa ya Kiden.

Kama jerikeni ilikuwa ndogo, basi buibui naye alikuwa mdogo, nusu ya nilivyomwona. Angekaa juu ya kiberiti na miguu yake yote. Hakuwa yule wa maghalani hata kidogo; alikuwa yule bapa wa kwenye nyufa za kuta, ambaye meno yake yasingeweza kutoboa mguu wa mtoto anayetembea peku. Na matundu yale mawili yalikuwa yameachana upana wa ukucha. Kitu kingine kilikuwa kimeingia chini ya blanketi, kikauma, kikaondoka, na buibui alikuwa anapita tu.

Nikapiga simu.

"Hajat, hapana buibui. Iko nyoka. Nimekosea."

Nikasikia maji yakiacha kumwagika.

"Mimi nimekosea, Hajat. Peleka yeye hospitali sasa hivi."

"Jirani nataka kufunga kamba kwa goti," akasema polepole, "na kukata na wembe, damu natoka."

"Hapana kamba. Hapana wembe. Hapana wacha yeye natembea, hata hatua moja. Mutu nabeba yeye, mguu nakaa tu kimya. Ambia daktari nyoka, alfajiri, akiwa nalala. Hajat, umesikia?"

"Nimesikia," akasema. Kisha nikasikia pikipiki ikiwaka, na simu ikakatika.

Nilifika Koboko alasiri. Watu walikuwa wamekwisha kuhamisha magunia ya simsim, wakamkuta swila amejikunja nyuma yake, kwenye njia ya panya. Kiden alikuwa kitandani hospitali, macho amefumba, mguu umewekwa juu ya mto. Daktari alisema dawa ya sumu ameshapewa, atapona. Mguu ndio hawaujui. Ngozi ya pale itakufa, na kama kifo kile kitashuka mpaka kwenye nyama na mfupa, watakata. Saa zile za mwanzo zilikuwa na maana kubwa, akasema. Hakujua anamwambia nani.

Hajat alikuwa amekaa sakafuni kwenye mkeka. Nikapiga magoti mbele yake, mimi mwenye umri karibu na wake.

"Mimi nilituma mtoto," akasema. "Wewe uliona buibui."

Hakupandisha sauti. Kisha akaniomba niende nyumbani kwake nimletee birika na shuka, kwa sababu hataki kutoka pale. Nikashukuru kupata kazi ya kufanya.

Jerikeni ilikuwa chini ya ukuta, karibu na mkeka wa Kiden. Na juu yake, kwenye ufa wa udongo, alikuwa yule buibui. Nilitoa kiberiti nilichokikuta kwenye meko, nikakiweka karibu naye. Angetosha juu yake. Hapo nikalia, peke yangu, na kiberiti mkononi.

Nilipomaliza kulia nilifuta macho, nikatoa lenzi ya Mzee Rajab, maana ilikuwa mfukoni kama kawaida. Sijui kama nilifanya vibaya. Karibu naye ukutani kulikuwa na kiduara cheupe, chembamba kama karatasi, vile viduara ambavyo bibi yangu alivibandua akabandika kwenye jeraha la mtoto. Ni nyumba ya mayai. Buibui alikuwa amesimama kandoni mwake. Macho yake sita yalikuwa mbele katika mstari, mawili makubwa pembeni, na yote yalikuwa na mwanga wa mlango ndani yake. Nikagusa ukuta kwa kidole. Akageuka. Sikumwona akigeuka, na mimi nimefanya kazi ya macho maisha yangu yote. Alikuwa anatazama upande wa kijito, kisha alikuwa ananitazama mimi, na katikati hapakuwa na kitu. Pale kando ya mkeka wa mtoto aliyeumwa, penye aibu yangu yote, nilikuwa nimeshika pumzi kwa kustaajabu. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu pamoja na sikuweza kuyatenganisha, na bado siwezi.

Kiden alifumbua macho jioni. Neno lake la kwanza kwa nyanya yake lilikuwa kuhusu buibui.

"Mliua?"

"Hapana," Hajat akasema. "Nilisamehe yeye asubuhi, nikifikiri iko yeye."

Kiden akafikiri kidogo. "Sasa yeye nadai wewe msamaha," akamwambia nyanya yake, na Hajat akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, machozi yakamtoka.

Mguu haukukatwa. Ilichukua miezi. Nilikuwa nakwenda Koboko kila wiki, mwanzoni kwa aibu, baadaye kwa sababu Kiden ananingoja. Daktari alipofungua kidonda mimi nilipima kwa rula na kuandika kwenye daftari, kama tulivyokuwa tunaandika mabawa, na tulikuwa tunalinganisha na wiki iliyopita. Siku kilipopungua upana wa punje ya mchele, tulinunua mandazi. Kwenye dirisha la wodi kulikuwa na mrukaji mmoja. Nilimpa Kiden lenzi, nikamwambia aisogeze kushoto na kulia. Aliisogeza, mrukaji akageuka naye. Halafu akatengeneza kitambaa chake cha kichwa, na sikuwa nimemsimulia.

Kovu lililobaki liko juu ya unyayo wa kushoto, limepinda kidogo. Urefu wake ni sawa na ubavu mrefu wa kiberiti. Nimelipima mara nyingi, nalijua kuliko ninavyojua mistari ya mkono wangu.

Kwa hiyo sasa mnajua. Nikiuliza kama kuna mtu ameumia, jibuni hilo kwanza, na kama jibu ni ndiyo, msiningoje mimi, nendeni hospitali, buibui atatambuliwa baadaye, hana haraka. Nikiuliza ukubwa, msiniwekee jerikeni. Msiniwekee sahani, wala kandambili, maana ziko za baba na za mtoto; wekeni kiberiti. Pigeni picha kutoka juu, kisha shukeni mpaka usawa wake mumpige usoni, mwanga ukiwa nyuma yenu na vivuli vyenu vikiwa pembeni. Pigeni na mahali alipokaa. Na mkimwona anafuma, tulieni kwanza mumtazame kwa macho yenu wenyewe kabla ya kutoa simu. Hilo si la kazi, ni la kwenu tu.

Wiki iliyopita ilikuja picha kutoka Koboko. Kiden sasa ni msichana mrefu wa sekondari, na tangu miaka hiyo amenitumia picha nyingi kuliko nyinyi wote. Ujumbe wake ulianza vizuri: "Shikamoo Mama. Hakuna mutu ameumia. Iko kwa ukuta ya jikoni, chini, pahali ya baridi." Picha nne, kutoka juu, usoni, ubavuni, na ukuta. Katika kila picha, sakafuni, karibu kabisa na buibui, aliweka mguu wake wa kushoto, na kovu lake liko wazi.

Nilimwandikia kwa ukali aondoe mguu, aweke kiberiti.

Akajibu, "Mama, kiberiti iko ndogo na iko kubwa. Hii, wewe mwenyewe ulipima."

Nilikaa chini. Nilikuza picha. Ukubwa wake niliujua mara moja bila kuuliza kitu, nusu ya kovu, hata robo ya unywele sikukosea. Kisha nikatazama macho, na miguu, na mstari mweupe wa mgongoni ambao sijawahi kuuona mahali popote, si kwenye mtego wala kwenye picha zenu. Nikafungua madaftari yangu, jipya na la zamani. Nikarudi kwenye simu. Nikabaki natazama kama siku ile ya mashoka madogo. Nikaandika: "Sijui. Sijui kabisa, Kiden. Nakuja."

Alijibu wakati nimeshafunga kuku.

"Njoo pole pole. Iko natulia. Mimi pia hapana songesha mguu."